Kusoma Nje ya Nchi Bila Kusafiri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi wa Afya

Haya ni maswali ambayo wanafunzi wa udaktari, uuguzi, ukunga, famasia, maabara na fiziotherapia huuliza wanaposikia kuna nafasi ya kusoma na chuo cha nchi nyingine kupitia mtandao. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mikunjo, mengine hayazidi mistari miwili. Niliyeandika nimeongoza vikundi vya aina hii na nina upande wangu: naona programu hizi zina faida kubwa, ila mara nyingi si ile inayonadiwa kwenye matangazo.

Programu hizi ni kitu gani hasa?

Jina moja limefunika mambo mengi. Lililoenea zaidi vyuoni ni darasa la pamoja: wahadhiri wawili wa nchi mbili huunganisha sehemu ya kozi zao, wanafunzi huchanganywa katika vikundi vidogo, na kwa wiki kadhaa hufanya kazi moja mpaka waikamilishe. Mtindo huu unajulikana kwa kifupi cha COIL (Collaborative Online International Learning), na ulikulia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, ambacho kituo chake cha COIL kilianzishwa mwaka 2006.

Kuna pia mikutano ya kujadili visa vya wagonjwa, ambapo wanafunzi na wataalamu wa vituo mbalimbali huketi mbele ya skrini na mmoja wao huwasilisha mgonjwa asiyetajwa jina. Kuna mazoezi ya uigaji, ambapo mwigizaji hujifanya mgonjwa nawe unamhoji kwa video. Kuna utarajali wa mtandaoni, hasa kwenye afya ya jamii: kuchambua takwimu, kuandaa vipeperushi, kupitia tafiti. Na kuna mseto. Mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya, kwa mfano, una kozi fupi ambazo mwanafunzi husafiri kwa siku 5 hadi 30 tu, na sehemu nyingine hufanyika mtandaoni.

Ukikuta tangazo, uliza kwanza ni ipi kati ya hizi. Kama jibu ni rundo la mihadhara iliyorekodiwa utakayoitazama peke yako, hiyo ni kozi ya video. Huenda ni nzuri, lakini hakuna mtu uliyekutana naye.

Zilianza na korona?

Hapana. Korona ilizisukuma tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Bengt Nilsson wa Chuo Kikuu cha Malmö, Uswidi, alikuwa ameshaanza kuzungumzia namna ya kumpa mwanafunzi asiyesafiri nafasi ya kujifunza na watu wa mataifa mengine akiwa palepale chuoni kwake. Hoja yake ilikuwa rahisi: wanaopanda ndege ni wachache, je, hawa wengine?

Upande wa tiba, mfano mkubwa ni Mradi wa ECHO, ulioanzishwa mwaka 2003 na Sanjeev Arora, daktari bingwa wa ini katika Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani. Wagonjwa wa homa ya ini C walikuwa wakisubiri miezi mingi kumwona. Badala ya kuwaita wote kliniki kwake, aliunganisha kwa video watoa huduma wa vijijini na magereza, wakawa wanawasilisha wagonjwa wao na kujifunza kila wiki. Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo: virusi viliondoka kwa 58.2% ya waliotibiwa kwenye vituo hivyo, na 57.5% ya waliotibiwa kliniki ya chuo kikuu. Kwa lugha nyingine, hakuna tofauti. Kwa hiyo mtu akikuambia tiba haifundishiki kupitia skrini, muulize anazungumzia sehemu gani ya tiba.

Kisha ikaja 2020. Tarehe 17 Machi mwaka huo, chama cha vyuo vya udaktari cha Marekani kilivishauri vyuo kusimamisha kwa muda mafunzo yanayowakutanisha wanafunzi na wagonjwa. Kwingineko mambo yalikwenda hivyohivyo. Safari zilifungwa, na kilichokuwa jambo la wahadhiri wachache wenye shauku kikageuka njia pekee iliyobaki.

Nitajifunza nini nisichoweza kukipata kwenye kitabu?

Nianze na kisa. Kwenye kikao kimoja nilichokuwa naongoza, mwanafunzi aliwasilisha mgonjwa na kutaja sukari yake ya damu kabla ya kula: 7. Upande wa pili wa skrini nyuso zikabadilika. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama mgonjwa bado yuko hai. Kwao sukari hupimwa kwa miligramu kwa desilita, na 7 kwa kipimo hicho ni ya mtu aliyezimia na anayeelekea kufa. Mwasilishaji alikuwa anatumia milimoli kwa lita, ambapo 7.0 ndiyo kizingiti cha kumtambua mgonjwa wa kisukari. Namba ni ileile, wagonjwa ni wawili tofauti kabisa. Ukizidisha kwa 18 unapata 126, na wote wakapumua.

Kitabu kingekupa kanuni hiyo kwenye jedwali la ukurasa wa mwisho, usiisome. Pale waliiona kwenye nyuso za watu, na sidhani kama kuna aliyesahau. Mambo ya aina hii ni mengi kuliko unavyodhani. Kreatinini ya 1.0 kwa wengine ni 88 kwa wengine. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache) ya 6.5% huandikwa 48 na maabara zinazotumia milimoli kwa moli. Homa ya nyuzi 100.4 za Fahrenheit ni ileile ya 38 za Selsiasi. Salbutamol wengine huiita albuterol, paracetamol huitwa acetaminophen, adrenaline huitwa epinephrine. Tarehe 04/05 kwa mmoja ni Mei, kwa mwingine ni Aprili, na kama ni tarehe ya mwisho wa matumizi ya dawa, tofauti hiyo si ya kuchekea.

Ukishavuka hapo unafika kwenye jambo lenyewe, yaani kwamba hata ugonjwa una mipaka iliyochorwa na watu. Chukua mgonjwa mwenye shinikizo la damu la 134/84. Kwa mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017, huyo tayari ana shinikizo la juu la damu, kwa kuwa kizingiti chao ni 130/80. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, dawa huanza kwa 140/90, isipokuwa kwa watu wenye hatari ya ziada, kama vile ugonjwa wa moyo. Weka mgonjwa huyu mbele ya wanafunzi wa nchi tatu uone watakavyobishana. Kila mmoja anakuja akidhani alichofundishwa ndiyo tiba yenyewe. Anaondoka akijua ni uamuzi uliofanywa na kamati fulani, kwa kuangalia ushahidi fulani, gharama fulani na hofu fulani. Mimi naliona hili kuwa somo kubwa kuliko yote ambayo programu hizi zinaweza kutoa.

Mfano mwingine ni chanjo ya BCG. Nchi nyingi huwachanja watoto wachanga dhidi ya kifua kikuu. Marekani haifanyi hivyo kama jambo la kawaida. Hivyo kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kikivimba, mwanafunzi wa upande mmoja anafikiria maambukizi, wa upande mwingine anafikiria kwanza kovu la chanjo begani. Waache wafafanuliane wenyewe, usiwakatize.

Na ni nini ambacho sitajifunza?

Kazi za mikono. Kupapasa tumbo na kulisikia ini chini ya vidole, kuweka kanula kwa mtoto anayelia, kutambua harufu ya kidonda kilichooza, kugeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza wala kujiumiza kiuno. Pia hutajifunza kuwa mgeni: kupotea kwenye korido za hospitali usiyoijua, kula chakula usichokizoea, kuomba msaada kwa lugha inayokukwama kooni. Anayekuambia utapata vyote hivyo mtandaoni anakuuzia kitu.

Saa nitakazotumia zitahesabiwa kwenye mafunzo ya vitendo?

Kwa kawaida, hapana, na hapa ndipo wanafunzi wengi huumia. Mabaraza ya taaluma hutaka saa za vitendo zifanyike na watu halisi, chini ya usimamizi. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2005/36/EC, kwa mfano, yanamtaka muuguzi wa kawaida awe na angalau saa 4,600 za mafunzo, na angalau nusu yake ziwe za kliniki, akikutana ana kwa ana na watu, wawe wazima au wagonjwa.

Utasikia watu wakitaja utafiti wa wauguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 na NCSBN, muungano wa mabaraza ya uuguzi ya nchi hiyo, ulioonyesha kwamba hadi nusu ya saa za kliniki zinaweza kubadilishwa na uigaji wa kiwango kizuri bila matokeo kushuka. Ni kweli. Lakini uigaji ule ulifanyika kwenye maabara zenye vifaa, walimu waliofunzwa na tathmini ya kina baada ya kila zoezi. Mwanafunzi aliyelala kitandani akitazama video hayumo. Uingereza nako baraza la wauguzi na wakunga huruhusu hadi saa 600 kati ya 2,300 za vitendo zifanyike kwa uigaji, ila ni kwa vyuo vilivyoidhinishwa na baraza hilo, na idhini hiyo haihami na mwanafunzi kwenda nchi nyingine.

Kabla ya kujiandikisha, iandikie ofisi ya mafunzo ya chuo chako na uombe jibu kwa maandishi. Neno la mdomo la mhadhiri mwema halitakusaidia siku ya kuomba leseni.

Je, krediti?

Krediti za darasani ni rahisi zaidi kuliko saa za vitendo. Darasa la pamoja mara nyingi huwa ndani ya kozi uliyokwisha kujiandikisha, kwa hiyo unapata alama kwenye chuo chako na hakuna kinachohamishwa. Kozi za mseto za Erasmus+ sharti zitoe angalau krediti 3 za ECTS, mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya. Kwa kuwa krediti moja ya ECTS ni saa 25 hadi 30 za kazi, hapo unaangalia saa 75 mpaka 90. Mtu akikuahidi krediti tatu kwa wikendi moja, piga hesabu mwenyewe.

Nitapewa viza?

Hapana. Programu inayofanyika yote mtandaoni haikupi sababu ya kuingia nchi yoyote.

Ni bure?

Darasa la pamoja kati ya vyuo viwili kwa kawaida halina ada ya ziada, kwa sababu kila mwanafunzi analipa kwake. Programu za makampuni na za vyuo vinavyouza nafasi kwa wanafunzi wa nje hutoza, na nyingine hutoza sana. Kuna gharama ambazo hazitajwi: bando, umeme, muda wa zamu uliyoiacha ili uhudhurie, pengine kompyuta. Uliza kama kuna ruzuku ya intaneti. Baadhi ya vyuo huwa nayo ila hawaisemi mpaka waulizwe.

Nitajuaje kama si utapeli?

Anza na anayetoa cheti. Ni chuo chenye ithibati au ni jina zuri tu kwenye tovuti? Kwa vyuo vya udaktari kuna World Directory of Medical Schools, orodha inayoendeshwa kwa ushirikiano wa Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari na FAIMER, taasisi ya Marekani ya elimu ya udaktari ya kimataifa, na kuitafuta hakuna malipo. Chuo cha udaktari kisichokuwemo, kitilie shaka. Kwa taaluma nyingine, tafuta orodha ya baraza au tume ya elimu ya juu ya nchi husika.

Kisha tafuta jina la mwalimu. Programu ya kweli ina mtu anayefundisha, ana ukurasa kwenye tovuti ya chuo chake na anajibu barua pepe. Mwandikie swali dogo, kama vile kikundi kina watu wangapi. Tapeli hukujibu kuhusu malipo, mwalimu hukujibu kuhusu kikundi.

Dalili nyingine hujionyesha zenyewe: kulazimishwa kulipa leo, kuahidiwa leseni, kuahidiwa kazi ng'ambo, barua ya kukubaliwa inayokuja kabla hujatuma hata matokeo yako.

Kiingereza changu si kizuri. Nitaaibika?

Utababaika kidogo, na utazoea. Wengi upande wa pili nao wanazungumza lugha ya kujifunza, na lafudhi zao zitakutesa kuliko msamiati. Washa maandishi ya papo kwa papo yanayotokea chini ya video, ingawa ukumbuke hukosea sana kwenye majina ya dawa. Omba mada na kisa vitumwe siku moja kabla. Andaa sentensi mbili utakazosema mapema kwenye kikao, hata kama ni za kujitambulisha, maana anayekaa kimya dakika ishirini za mwanzo huwa amekaa kimya mpaka mwisho.

Mimi nina nini cha kuwapa wanafunzi wa chuo kikubwa?

Swali hili huja kwa sauti ya unyonge, nami huwa najibu kwa methali iliyo kama imetungwa kwa ajili ya wadi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayeingia ndiye anayekuja na kisichokuwapo.

Chukua lugha peke yake. Mgonjwa wa Kiswahili anakuambia "nasikia kizunguzungu", "nasikia njaa", "nasikia maumivu". Kitenzi kimoja kimebeba masikio na mwili mzima. Wafasirie wenzako neno kwa neno uone wanavyofikiri mgonjwa anasikia sauti na anahitaji daktari wa akili. Anasema "presha imepanda" na huenda anamaanisha namba kwenye mashine, au hasira, au wasiwasi wa ada ya mtoto. Anasema "moyo unaenda mbio" na ni juu yako kuuliza kama ni mapigo au ni hofu. Mwanafunzi aliyezoea kupembua maneno haya ana ujuzi wa kuchukua historia ya mgonjwa ambao wenzake waliolelewa na lugha moja hawajawahi kulazimika kuutafuta.

Au chukua uamuzi wa kitabibu pale vipimo vinapokosekana. Niliwahi kuona kikundi kikijadili mgonjwa mwenye kichwa kuuma sana. Upande mmoja uliagiza picha ya ubongo kabla hata ya kuuliza umri. Upande wa pili waliuliza maswali kumi na mawili, wakaangalia shingo, macho na nguvu za mikono, wakafikia orodha fupi ya magonjwa. Mhadhiri wa upande wa kwanza aliomba ruhusa ya kutumia mazungumzo yale kufundishia mwaka unaofuata.

Intaneti yangu ni ya kubahatisha. Nifanyeje?

Mkutano wa video wa saa moja unaweza kula zaidi ya jigabaiti moja. Ukizima kamera, matumizi hushuka sana, kwa hiyo washa wakati wa kusalimiana, zima baadaye, na mweleze mwalimu sababu mapema asije akadhani umeondoka. Uliza kama mkutano una namba ya kupiga kwa simu ya kawaida. Pakua mafaili usiku au ukiwa chuoni.

Lakini suluhisho lenye nguvu zaidi si la kifundi. Kilishawahi kutokea kikundi ambacho mmoja wao, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa anakatika kila baada ya dakika tano. Wiki ya kwanza walimwonea huruma, ya pili wakamsahau. Wiki ya tatu alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne akichambua kazi nzima ya kikundi, alivyoona imekosewa wapi na angeanzaje upya. Wenzake waliusikiliza mara mbili, kisha wakaamua kuachana na vikao vya moja kwa moja, wakawa wanafanya kazi kwa sauti na maandishi, kila mtu kwa wakati wake, na kukutana mara moja tu kwa wiki. Kazi yao ndiyo iliyokuwa bora mwaka ule. Kama programu yako imejengwa yote juu ya video ya moja kwa moja, shauri hili mapema. Walimu wengi hawajalifikiria kwa sababu kwao mtandao haukatiki.

Mbona nakosa vikao kwa kukosea saa?

Kwa sababu saa ni mtihani wenye mitego mitatu.

Wa kwanza ni wetu sisi wazungumzaji wa Kiswahili. Kikao cha saa 20:00 ni saa mbili usiku. Akili inayohesabu saa kwa Kiswahili ikiona "8" kwenye mwaliko, inaweka kengele saa nane, na mtu anaamka usiku wa manane kukuta chumba kitupu. Andika saa zote za programu kwa mfumo wa saa 24, hata kwenye daftari lako binafsi.

Wa pili ni ukanda. Geuza kila kitu kiwe UTC kwanza, yaani saa ya rejea ya dunia nzima, kisha ongeza au punguza saa za eneo lako. Na si kila tofauti ni saa kamili: India iko mbele ya UTC kwa saa 5 na dakika 30, Nepal kwa saa 5 na dakika 45.

Wa tatu ndio hunasa hata wahadhiri. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya husubiri Jumapili ya mwisho ya mwezi huo. Wiki hizo za katikati, kikao ambacho hujawahi kukikosa kinahama ghafla. Mwishoni mwa mwaka hurudi nyuma kwa mpangilio uleule wa kupishana: Ulaya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Nchi nyingi za karibu na ikweta hazigusi saa zao kabisa, hivyo kwa wanafunzi wa huko inaonekana kama wenzao wamerogwa.

Kuhusu siri za wagonjwa, naruhusiwa kusema nini?

Kidogo kuliko unavyotaka. Kufuta jina hakutoshi. Sheria ya Marekani ya HIPAA ya mwaka 1996 ina njia moja ya kusafisha taarifa ambayo hutaka kuondolewa aina 18 za vitambulisho, zikiwemo tarehe za kulazwa, namba ya faili, picha ya uso mzima na eneo dogo anakoishi mtu. Kanuni ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, huziweka taarifa za afya kwenye kundi linalolindwa kuliko mengine. Mkutano mmoja ukiwa na watu wa nchi tatu, fuata sheria iliyo kali kuliko zote, na juu yake kanuni za hospitali ulikomwona mgonjwa.

Kumbuka pia kwamba mgonjwa hutambulika kwa upekee wake. "Mwanamke wa miaka 43 aliyejifungua pacha watatu mwezi uliopita" hana jina hapo, lakini mtaa mzima unamjua. Badilisha kisichobadilisha tiba: umri uwe wa muongo, tarehe iwe "siku ya tatu ya kulazwa", kazi yake iachwe kama haihusiani na ugonjwa.

Upande wa kusikiliza nao una adabu yake. Kaa chumba ambacho hakuna mtu mwingine, vaa vipokea sauti vya masikioni, usirekodi, na usipige picha ya skrini hata kama unataka tu kumwonyesha mama kwamba unasoma na watu wa mbali. Picha moja ya eksirei yenye namba kwenye kona ikipita kwenye kundi la familia inatosha kukuondoa chuoni.

Je, nchi tajiri hazitumii wagonjwa wa nchi maskini kama maonyesho?

Zimewahi, na zinaweza tena. Malalamiko ni ya zamani: wanafunzi wanaosafiri wiki mbili, wanashona vidonda ambavyo kwao wasingeruhusiwa hata kuvifunga bendeji, wanapiga picha na watoto, wanaondoka. Mwaka 2010 kikundi cha wataalamu kinachoitwa WEIGHT kilitoa miongozo ya maadili ya mafunzo ya afya ya kimataifa, kikisisitiza kwamba manufaa na mizigo vigawanywe kwa haki kati ya pande zote.

Mtandao unaondoa hatari ya mwanafunzi kumshona mtu asiyemjua kumshona. Hauondoi hatari ya upande mmoja kuleta wagonjwa kila wiki na upande mwingine kuleta majibu kila wiki. Ukiona hivyo ndivyo ratiba ilivyo, uliza kwa upole: wiki ijayo tunaweza kumjadili mgonjwa wa kwenu? Nao wana wagonjwa walioshindwa kulipia insulini, wazee waliosahaulika kwenye nyumba za kulelea, wajawazito waliokufa kwa jambo lililozuilika. Kuletwa kwa visa hivyo ndiko kunakofanya mazungumzo yawe ya wenzi.

Kikundi changu kimekufa kimya. Nani wa kulaumiwa?

Pengine mpangilio. "Jadilianeni kuhusu afya ya akili" si kazi, ni kichwa cha habari. Wapeni wenzenu kitu chenye mwisho: karatasi moja ya maelekezo ya kumruhusu mgonjwa wa pumu kwenda nyumbani, iliyoandikwa iweze kutumika nchi zote mbili. Hapo lazima mtu aseme kwetu dawa hiyo haipo, na mwingine aseme kwetu mfamasia ndiye anayefundisha matumizi ya pampu. Kimya huvunjika chenyewe.

Niiandikeje kwenye wasifu wangu?

Kwa jina lake. Usiandike "uzoefu wa kliniki" nchi fulani, kwa sababu anayekuhoji atauliza ulikuwa wadi gani na utabaki unatazama meza. Andika chuo mwenza, idadi ya wiki na mlichotengeneza. "Niliandaa na wanafunzi watano wa nchi mbili mwongozo wa kumruhusu mgonjwa wa pumu" inampa msomaji kitu cha kukuuliza, na wewe una kitu cha kujibu.

Nijiunge mwaka gani wa masomo?

Ukishaona wagonjwa walau kidogo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufurahia, lakini hana cha kulinganisha. Isipokuwa afya ya jamii na afya ya mazingira, huko hata wa mwaka wa kwanza ana macho.

Baada ya programu kwisha, mawasiliano hayafi?

Hufa, mara nyingi ndani ya mwezi. Vikundi nilivyoviona vikidumu havikuwa na urafiki mkubwa kuliko vingine, vilikuwa na tarehe. Kabla hamjaagana kwenye kikao cha mwisho, chagueni siku moja ya mwezi ujao, saa iandikwe kwa UTC, na mmoja ajitolee kuleta mgonjwa mmoja aliyemshinda.